Mbio za Ramani na Mwaka wa Chama Chake

Katika kurasa hizi za Kiswahili mmekwisha soma habari za mpira, za riadha na za kuogelea. Leo napenda kuwaeleza mchezo ambao wengi wetu hatujausikia, nao ni mbio za ramani. Waswidi, ambao ndio waliouita jina, husema orientering, maana yake kujua mahali ulipo na upande uendako.

Nina sababu mbili za kuuandikia. Ya kwanza, sisi wanafunzi husoma ramani kwa ajili ya mtihani tu. Twapima sentimita juu ya meza, twajibu maswali, kisha twafunga kitabu. Na mtu akitupeleka kilimani na ramani ile ile mkononi, hatujui tutazame wapi. Ya pili, katika michezo yetu wachezaji ni kumi na mmoja, na sisi mamia tuliobaki kazi yetu ni kupiga makofi. Mchezo huu una dawa ya mambo yote mawili. Tena huu ndio mwaka wangu wa mwisho hapa shuleni, nami ningependa kuacha nyuma yangu kitu kitakachoendelea.

Habari za huko Ulaya nimezipata kwa mwalimu wetu wa jiografia, ambaye aliwahi kusoma Uswidi na kuwa mwanachama wa chama cha mchezo huu. Alituletea pia ramani zake za zamani, nazo tumezisoma mpaka pembe zimechakaa.

1. Mchezo wenyewe

Mchezaji hupewa ramani na dira. Juu ya ramani pamechorwa pembetatu mahali pa kuanzia, miduara yenye nambari mahali pa vituo, na miduara miwili, mmoja ndani ya mwenziwe, mahali pa kumalizia. Huko msituni, katikati ya kila mduara, hutundikwa kibendera cha pande tatu chenye rangi nyeupe na ya chungwa, kila upande sentimita 30 kwa 30. Yampasa mchezaji kupita vituo vyote kwa utaratibu wa nambari zake, na katika kila kituo kuacha alama ya kuthibitisha kwamba amefika. Zamani alitoboa kadi kwa kibano chenye sindano, na sindano za kila kituo zilipangwa namna yake. Siku hizi mashindano mengi hutumia kijiti cha elektroniki kivaliwacho kidoleni. Mchezaji hukitia katika kidude kilichopo kituoni, na saa yake huandikwa mara moja. Amalizaye kwa muda mfupi ndiye mshindi. Walakini aliyekosa kituo hata kimoja hahesabiwi, angawa ametangulia kwa nusu saa.

Sasa tazama jambo lililo kubwa: baina ya kituo na kituo hapana njia iliyowekwa. Kila mtu huchagua yake. Tuseme kituo cha pili kiko sentimita 5 kutoka cha kwanza, na kipimio cha ramani ni 1:10,000, yaani sentimita 1 ni mita 100. Basi kwa mstari ulionyoka ni mita 500. Lakini mstari huo wakata mistari minane ya kontua, na baina ya kontua na kontua ni mita 5. Kwa hiyo kuna mita 40 za kupanda. Wachezaji wengi hukadiria kwamba mita 1 ya kupanda yagharimu kama mita 10 za kukimbia tambarare. Basi fanya hesabu: 500 na 400 ni 900. Kama iko njia ya miguu inayozunguka kilima kwa mita 800 pasipo kupanda, mwenye kuzunguka atafika kwanza na pumzi yake ingali kifuani. Hesabu hiyo hufanywa huku miguu inakwenda, na hapana mtu wa kumwuliza.

2. Asili yake

Jina orientering lilitumika kwanza katika jeshi la Uswidi mwaka 1886, kwa maana ya kuvuka nchi usiyoijua kwa ramani na dira. Askari walijifunza kazi hiyo kwa ajili ya vita. Mashindano ya kwanza ya wazi kwa raia yalifanyika Norwe tarehe 31 Oktoba 1897, karibu na mji wa Kristiania, ambao leo huitwa Oslo. Washindani walikuwa wanane tu.

Aliyeueneza mchezo huu sana ni Ernst Killander, ofisa wa jeshi la Uswidi na kiongozi wa skauti. Aliona kwamba vijana wanapoteza hamu ya mbio za kawaida, naye akafikiri: misitu tunayo, kwa nini tusiitumie? Mwaka 1919 alifanya mashindano karibu na Stockholm, na waliokuja walizidi 200. Kwa sababu hiyo yeye huitwa baba wa mchezo. Wanawake walipata mashindano yao ya kwanza huko Göteborg mwaka 1925. Katika miaka ya 1930 ndugu wa ukoo wa Kjellström, pamoja na Gunnar Tillander, walitengeneza dira iliyowekwa juu ya kibao kinachopenya nuru, chenye vipimo pembeni. Kabla ya hapo mtu alihitaji dira mbali na kipimapembe mbali. Sasa chombo kimoja kikatosha, na mtoto akaweza kujifunza kwa siku moja.

Mwaka 1961 nchi 10 za Ulaya zilikutana Copenhagen zikaunda shirikisho la mataifa yote la mchezo huu. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Ufini mwaka 1966. Leo nchi wanachama zimepita 70, na za Afrika zimo.

3. Ramani yake

Ramani zetu za darasani aghalabu ni za kipimio cha 1:50,000, ambapo sentimita 1 ni mita 500. Ramani hiyo yaonyesha barabara na mto, lakini haionyeshi jiwe wala kichaka. Ramani ya mchezo huu ni ya 1:15,000 au 1:10,000, na ile ya mbio fupi za mjini ni 1:4,000. Ndani yake waona jabali, shimo, ua na kijito.

Rangi zake ni hizi. Kahawia ni kontua na sura ya ardhi. Buluu ni maji. Nyeusi ni mawe, njia na kazi ya mikono ya watu. Manjano ni mahali peupe pasipo miti. Na hapa wanafunzi wengi hushangaa: msitu mzuri wa kukimbilia haukupakwa rangi, bali umeachwa mweupe. Kijani ni pori lililosongana, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo unavyozuiwa. Mistari ya kaskazini huchorwa kufuata kaskazini ya dira, ili mchezaji asipoteze muda kusahihisha pembe.

Ramani hizi aghalabu hutengenezwa kwa juhudi ya vyama vyenyewe. Mtu hutembea msituni siku nyingi, na kalamu mkononi, akichungulia nyuma ya kila jabali.

4. Mwaka wa chama

Nitawaeleza jinsi chama cha kijiji au mji mdogo wa Uswidi kinavyopitisha mwaka wake.

Mwezi wa Desemba na Januari kuna theluji, na jua huchwa kabla ya saa kumi alasiri. Walakini chama hakilali. Wanachama hukimbia jioni na taa kichwani, nao wachora ramani hukaa mezani wakisafisha kazi ya kiangazi. Aghalabu ni mwanzoni mwa mwaka pia ambapo mkutano mkuu hufanyika. Hapo huchaguliwa mwenyekiti, mwandishi, mweka hazina na wakaguzi wa hesabu. Hesabu husomwa mbele ya wote, na kila mwanachama ana kura moja, awe bingwa au awe mpika supu.

Theluji ikiyeyuka, mazoezi ya msituni huanza, siku moja au mbili kila juma. Mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei kuna Tiomila, yaani maili kumi. Msistaajabu, maili ya Kiswidi ni kilomita 10, basi kumi ni kilomita 100. Ni mbio za kupokezana za watu kumi, nazo zilianza mwaka 1945. Hukimbiwa usiku kucha, na chama kizima hukesha kikiwangoja watu wake watokee gizani.

Mwezi wa Juni vyama vingi huvuka bahari kwenda Ufini katika mbio za Jukola, zilizoanza mwaka 1949. Timu ni ya watu saba. Kwa nini saba? Kwa sababu mwandishi wa Kifini Aleksis Kivi alitunga mwaka 1870 kitabu cha ndugu saba wa nyumba ya Jukola. Mbio za wanawake, za watu wanne, ziliongezwa mwaka 1978, nazo zimepewa jina la Venla, msichana aliyependwa na ndugu hao. Jukola huanza usiku wa manane u karibu, lakini huko kaskazini mwezi wa Juni usiku wenyewe hauna giza nene.

Mwezi wa Julai huja O-Ringen, mashindano ya siku tano yaliyoanza mwaka 1965 na ambayo hukusanya maelfu ya watu. Familia huja na mahema. Wamo watoto wa miaka 10, wamo na wazee waliopita miaka 80, kila mmoja katika daraja la umri wake, na msitu ni ule ule mmoja.

Masika yao ya majani kuanguka ndiyo wakati wa mashindano ya ndani ya chama, ambapo wanachama hutafuta bingwa wao. Tena mwezi wa Oktoba, karibu na Stockholm, hufanyika mbio za kupokezana za timu ya watu 25. Sheria yataka wawemo wanaume na wanawake, vijana na wazee. Basi chama chenye mabingwa watano tu hakina la kujivunia hapo. Chataka kiwe na watu.

Yafaa pia nitaje adabu yao kwa wenye ardhi. Huko Uswidi kila mtu ana haki ya kupita msituni kwa miguu, hata kama msitu ni wa mwingine, mradi asiharibu wala asisumbue. Hata hivyo chama kitakacho kukusanya watu wengi hakina budi kushauriana kwanza na mwenye msitu na wawindaji. Katika misitu hiyo yuko älg, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Majike huzaa mwanzo wa kiangazi, na wawindaji huwinda wakati wa majani kuanguka. Kwa hiyo sehemu fulani za ramani hufungwa ili wanyama wapate mahali pa kukimbilia, na mchezaji akiingia humo huondolewa mashindanoni.

5. Mikusanyiko

Vyama vingi vina nyumba yao ndogo kando ya msitu. Baada ya mazoezi watu huoga, huingia katika chumba cha mvuke, kisha hunywa kahawa kwa mikate ya mdalasini. Lakini chakula chenyewe ni mazungumzo. Kila mtu hutandika ramani yake mezani na kuonyesha kwa kidole njia aliyopita: "Hapa nilizunguka bwawa." "Kumbe! Mimi nilipita juu, nikakwama mawe." Aliyeshinda huulizwa, na aliyeshindwa naye huulizwa, kwa kuwa njia ya aliyepotea hufundisha pia.

Zaidi ya hayo, chama huwa zamu kuwaandalia wengine mashindano, na siku hiyo wanachama hawashindani. Mmoja huongoza magari, mwingine hupika, wengine huweka vibendera alfajiri na kuviondoa jioni. Watoto wadogo wasioweza kusoma ramani hutandikiwa kamba msituni, waifuate kutoka picha hata picha, na wazazi hupokezana: mama akikimbia, baba hulea, akirudi, hubadilishana. Hivyo hapana aachwaye nyumbani.

6. Sheria tatu za kushika

Ya kwanza: usimfuate mwenzio. Ndiyo sababu katika mbio za mtu mmoja mmoja wachezaji huanza kwa kupishana dakika. Ya pili: usihamishe wala usifiche kibendera. Ya tatu, nayo ndiyo kubwa kupita zote: kila aliyeanza lazima aripoti mahali pa kumalizia, hata kama ameshindwa, hata kama amevunjika moyo katika kituo cha kwanza. Waandalizi huhesabu majina, na jina lisiloripoti maana yake kuna mtu msituni; basi watu hutoka kumtafuta.

7. Jaribio letu

Muhula uliopita wanafunzi kumi na wawili tulijaribu hapa misioni. Kwanza tulitengeneza ramani. Kila mmoja alipima hatua zake: tulinyosha kamba mita 100, tukatembea, tukahesabu kila mguu wa kulia ulipogusa chini. Wengi wetu tulipata baina ya 60 na 70. Kisha kwa dira mbili na hatua hizo tulipima eneo lote: kanisa, mabweni, zahanati, kisima, migomba ya jikoni, na mikaratusi iliyo nyuma ya uwanja. Tulichora kwa kipimio cha 1:2,000, sentimita 1 kwa mita 20. Kazi ilichukua Jumamosi nne. Vibendera vilikuwa vipande vya gunia la sukari, na badala ya sindano tulitundika penseli za rangi, kila kituo rangi yake.

Mwenzetu mmoja ashindaye mbio za maili moja alitoka kama mshale, akapita kituo cha tatu asikione, akajikuta mlangoni pa zahanati, na mwuguzi akamwuliza anaumwa nini. Aliyeshinda ni dada mmoja wa Senior Tatu aliyekuwa akisimama kidogo katika kila njia panda.

Lakini funzo kubwa lilikuja jioni. Mvulana mmoja alichoka, akaenda bwenini pasipo kumwambia mtu. Sisi kumi na mmoja tulimtafuta katika mikaratusi, tukiita jina lake, mpaka kengele ya chakula ikalia na giza likaingia. Mmoja alikuwa ameanza kulia, maana upande ule kuna shimo la zamani la kuchimbia udongo. Tulimkuta kitandani, amelala fofofo. Tangu siku ile hapana hata mmoja aulizaye sheria ya tatu ya nini.

8. Mapingamizi

Mwenzangu mmoja aliniambia, "Ndugu yangu, mchezo huu ni wa watu wenye misitu na mali. Sisi tuna mashamba na nyoka." Maneno yake yana kweli ndani yake, na yafaa yajibiwe.

Juu ya mali: dira mbili zilitutosha watu kumi na wawili, kwa kuwa walioanza mapema walirudi wakawapa waliofuata. Ramani ilipigwa chapa katika ofisi ya shule kwa karatasi kumi na mbili tu. Mpira mmoja wa miguu wa gharama zaidi.

Juu ya mashamba: hapa ametugusa kweli. Kwetu shamba lina mwenyewe, na haki ya kupita kwa mtu hatuna. Kwa hiyo tuanze ndani ya mipaka ya shule. Na tukitaka kutoka, twende kwanza kwa wazee wenye mashamba, tuwaamkie, tuwaonyeshe ramani, tuombe ruhusa, na wakikataa tukubali. Huenda tukatoka huko tumejua majina ya majirani zetu, jambo ambalo wengi wetu baada ya miaka minne hatulijui.

Juu ya nyoka: twende mchana, tuvae viatu na suruali ndefu, tuache nyasi ndefu nje ya miduara, na mwalimu mmoja awepo daima.

Mimi nitaondoka mwishoni mwa mwaka. Ramani ya misioni, dira na penseli za rangi nimezikabidhi kwa yule dada wa Senior Tatu, na daftari la majina nimemkabidhi mvulana aliyelala bwenini, kwa kuwa hapana atakayehesabu watu kwa uangalifu kumpita yeye. Wanaotaka kuingia wawaone hao wawili. Hapachaguliwi mwenye mbio. Kila aliye na miguu na macho ana nafasi.

Maswali ya kujipima

1. Katika ramani ya 1:10,000, vituo viwili vimeachana sentimita 6, na mstari baina yao wakata kontua kumi za mita 5. Njia ya kuzunguka ni sentimita 9, tambarare. Utapita wapi, na kwa nini?
2. Mahali peupe na mahali pa manjano katika ramani ya mchezo huu ni nini?
3. Pima hatua zako kwa mita 100. Kisha pima kutoka mlango wa kanisa hata kisimani, ulinganishe na ramani yetu iliyobandikwa maktabani. Ukiona tumekosea, tuambie, tusahihishe.